Anza na Jongoo: Siku ya Familia Haller Park

Kama likizo hii umeamua kuwapeleka watoto Haller Park, usikimbilie twiga. Anza na jongoo.

Najua wazazi wengi watashangaa. Mtoto aliyeahidiwa twiga tangu Jumatatu hataki kusikia habari za mdudu wa miguu mingi anayemwona kila mvua ikinyesha nyuma ya jiko. Lakini hapa Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pana bustani ya wanyama ambayo isingekuwepo bila jongoo. Familia ikiingia, ikapiga picha na kobe, ikamtazama kiboko, ikanywa soda na kutoka, itakuwa imewaona wanyama. Mahali penyewe itakuwa haijapaona, na mahali penyewe ndipo pa ajabu kuliko mnyama yeyote aliyemo.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa matumbawe ya kale, mwamba mweupe uliolala chini ya pwani yetu yote. Mashine zililichimba jiwe hilo mpaka karibu na maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo yana chumvi, kisha zikasogea mbele na kuacha shimo. Hapakuwa na udongo ndani ya shimo hilo. Palikuwa na mwamba mtupu, jua la juu, jua lingine linalorudi kutoka chini, na vidimbwi vya maji yasiyonyweka. Watu wazima wa Kisauni wanaokumbuka machimbo yale husema ulikuwa huwezi kuyatazama mchana bila kufumba macho.

Mwaka 1971 Mswisi mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni, René Haller, alianza kupanda miti mle ndani. Alijaribu aina 26. Karibu zote zilikufa. Zilizosimama zilikuwa tatu, mnazi ukiwa mmojawapo, na kati ya hizo tatu mti uliolibeba shimo zima ni mvinje, ule ule unaovuma ufukweni na ambao mafundi wetu huufanya boriti. Mvinje hauogopi chumvi. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hausubiri udongo mzuri ndipo uote. Unajitafutia chakula chake.

Shida ikatokea kwenye majani. Vijiti vyembamba vinavyodondoka kutoka kwenye mvinje ni vikavu na vichungu, na wadudu wengi hawavitaki. Vikarundikana juu ya mwamba bila kuoza, na visipooza hakuna udongo. Ndipo akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu akivitafuna vijiti hivyo bila taabu. Haller akaamuru jongoo hao wakusanywe kwa mamia na kuachiwa shimoni. Wakala, wakanya, wakazaana. Kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, bakteria wakafanya yao, na juu ya jiwe tupu ukaanza kujengeka udongo mweusi. Baada ya udongo zikaja nyasi na miti mingine, ndege wakaleta mbegu zao, mabwawa yakawekwa perege, na polepole wakaingia wanyama wakubwa. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukamweka Haller kwenye orodha ya heshima ya watu 500 walioyatumikia mazingira duniani, na baadaye bustani ikapewa jina lake.

Kwa hiyo, ukishavuka lango, kabla ya mtoto yeyote kuanza kukimbia, tafuta mahali penye kivuli cha mivinje kando ya njia, na wote mchutame. Msiguse vitu ovyo, msing'oe kitu. Mwonyeshe mtoto tabaka la juu: vijiti vya rangi ya kahawia, vikavu, vizima. Asogeze kidogo kwa ncha ya kidole. Chini yake vijiti vimekatikakatika na vina unyevu. Chini zaidi havitambulikani tena kama vijiti. Ni punje nyeusi laini zinazonukia mvua. Na pengine, hapo hapo, kidole kitagonga kitu kigumu. Hilo ndilo jiwe jeupe la machimbo. Msitu mzima unaowafunika umesimama juu ya tabaka lile ambalo mtoto amelipima kwa kidole chake.

Kama ni asubuhi na mvua imenyesha karibuni, hamtahangaika kumtafuta jongoo mwenyewe. Mwili wake ni mweusi, unang'aa, na miguu yake myekundu husogea kwa mawimbi kutoka nyuma kwenda mbele, wimbi likifuata wimbi, huku mwili ukienda taratibu kana kwamba hauna haraka na dunia. Akiguswa hujikunja duara. Mwambie mtoto atazame tu, maana jongoo hutoa majimaji yanayowasha macho, na mkono wa mtoto hauchelewi kufika machoni. Dakika kumi zinatosha. Mkitoka hapo, kila mnyama mtakayemwona baadaye atakuwa na jibu la swali la amefikaje hapa.

Sasa tuje kwenye mipango, kwa sababu siku ya familia huharibika nyumbani kabla haijaharibika njiani.

Siku na saa

Jambo la kwanza ni kalenda ya mvua. Masika ya pwani hukolea Aprili na Mei, na mwezi wa Mei njia huloa na mbu hujaa. Agosti ni mwezi mzuri kuliko yote kwa familia: shule zimefungwa, upepo wa kusi unapuliza, jua lina huruma. Desemba watoto wako nyumbani na wageni wa bara wamejaa, na kaskazi inapoanza joto lake huwachosha wadogo na wazee mapema. Januari na Februari, kama huna budi, nenda asubuhi na mapema.

Kama kazi yako inakuruhusu, chagua siku ya katikati ya wiki wakati wa likizo. Wakati wa muhula, siku za wiki hujaa mabasi ya shule. Utawakuta watoto wa sare wamejipanga mstari mrefu mbele ya kila bwawa, na mtoto wako mfupi hataona ila migongo. Jumapili alasiri ni ya kila mtu. Siilaumu, ina furaha yake, lakini si siku ya kumtazama mnyama kwa utulivu.

Halafu panga siku yako kuanzia saa ya kulisha wanyama. Kwa miaka mingi twiga wamekuwa wakilishwa mbele ya wageni saa tano asubuhi na tena saa tisa alasiri, na zamu ya kiboko na mamba huja jioni, kuanzia saa kumi. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza mara tu unapolipa kiingilio, na uulize kabla hujachagua njia ya kupita. Familia nyingi huzunguka bustani yote kwanza, hufika kwa twiga zimechoka, na kuambiwa ndiyo kwanza wamemaliza kula.

Mwenye watoto walio chini ya miaka sita, ushauri wangu ni mmoja: ingia saa tatu asubuhi, chutama na jongoo, watembelee kobe, mlishe twiga saa tano, kula, ondoka. Kiboko atakuwepo likizo ijayo. Mtoto wa miaka minne ana saa mbili hadi tatu za macho mazuri kwa siku. Baada ya hapo anaburutwa. Wazazi wengi hujiona wamepunjwa wasipoona kila kitu walichokilipia, na katika kukifukuzia hicho kila kitu, mtoto hurudi nyumbani akikumbuka kwamba alilia. Wenye watoto wakubwa ndio waingie saa nne na kubaki mpaka kiboko ale.

Safari yenyewe

Anayetoka kisiwani hupanda matatu za barabara ya Malindi, huvuka daraja la Nyali, hupita Kongowea na Bombolulu, na kumwambia kondakta amshushe Haller Park. Kila kondakta wa barabara hiyo anapajua. Adha ni msongamano wa magari, hasa asubuhi na jioni. Kuanza safari saa mbili kunaleta tofauti kubwa na kuanza saa mbili na nusu. Wakiwa wengi, tuktuk mbili za kukodi huenda zikawa nafuu kuliko nauli za matatu, na hazikushushi ng'ambo ya barabara. Hilo la ng'ambo si dogo. Barabara ile ina malori na magari ya kasi, na familia yenye watoto watatu na mizigo isivuke holela. Vukeni kwa pamoja, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma.

Wanaokuja kutoka Nairobi kwa treni wajue kwamba kituo kiko Miritini, upande wa bara, na Bamburi iko upande wa kaskazini. Kati yenu na twiga kuna mji mzima. Msipange kushuka treni alasiri na kwenda bustani siku hiyo hiyo. Watoto watalala ndani ya gari na hawataamka na furaha. Laleni, muende kesho yake.

Kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Weka fedha taslimu kidogo mbali na zile za kwenye simu, maana mtandao una siku zake. Na kabla ya kutoka nyumbani, kaeni kikao kifupi kuhusu pesa za vitu vidogo. Mtoto aambiwe mapema atapata kitu kimoja, barafu au soda au chakula cha twiga cha kumlisha, achague mwenyewe. Mimi ningempa chakula cha twiga bila kumuuliza.

Kuhusu chakula cha binadamu, pikeni nyumbani. Mahamri yanakaa vizuri hata yakipoa, na mbaazi zikifungwa vizuri haziwezi kumwagika. Sambusa, viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi mbivu, machungwa yaliyomenywa tayari. Biriani iacheni, ni chakula cha kukaa chini, na hapa mtakula kwa mkono mmoja huku mwingine ukimshika mtoto. Maji yawe mengi kuliko mnavyodhani. Juisi ya ukwaju ikigandishwa usiku hufika saa tano ikiwa bado baridi, na ile chupa huweza kulazwa juu ya vyakula vingine vikabaki salama. Ulizeni langoni ni wapi panaporuhusiwa kulia chakula, kisha mpange leso mbili: moja ya kukalia, moja ya kufunika chakula.

Ya kufunika ni kwa ajili ya tumbili. Tumbili wa Bamburi wameishi na watu vizazi kadhaa, wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki na wanamjua mtoto aliyeshika ndizi. Si wakali wasipochokozwa, lakini wakishazoea kupewa hugeuka wanyang'anyi, na tumbili mnyang'anyi huishia kuuma mtu. Kwa hiyo sheria ya nyumba itangazwe kabla ya safari: hakuna kumpa tumbili chochote, hata ganda. Mtoto akinyang'anywa, aachie. Asivutane.

Viatu viwe vya kufunga. Ndala huteleza kwenye majani ya mvinje na huruhusu siafu. Mafuta ya kuzuia mbu ni lazima, kwani pana maji mengi yaliyotulia, na malaria bado ipo pwani. Kofia si lazima mkishaingia, kivuli kipo, ila mtaihitaji kwenye steji mkisubiri gari.

Na nyanya aende? Aende, tena siku ipangwe kwa mwendo wake. Sakafu ya machimbo ni tambarare kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mzee anayetembea sokoni na kurudi ataweza, mradi kila baada ya muda apate pa kukaa. Mwendo wa nyanya ndio mwendo wa kuona wanyama. Na yeye ana elimu ambayo kibao cha maelezo hakina. Atautazama mvinje na kumwambia mjukuu wake ni boriti ngapi zilizoezekea nyumba ya babu yake. Atalitambua jani la dawa. Atajua ndege anayelia ni yupi kabla hamjamwona. Wazazi wa sasa hujaribu kuwasomea watoto vibao vyote kwa sauti. Afadhali kuwaachia wazee nafasi ya kusimulia.

Twiga, kobe, kiboko

Jukwaa la kulishia twiga ndilo mahali watoto wengi hugutuka kwa mara ya kwanza. Kutoka mbali twiga ni picha ya kitabuni. Anapoinamisha kichwa juu ya mkono wako ndipo unapoona kope zake ndefu, manyoya mafupi ya kwenye midomo, pua inayofumba na kufumbua. Ulimi hutoka, mrefu kama sentimita 45, mweusi wenye zambarau, na hukifagia kiganja mpaka punje ya mwisho. Ni mkwaruzo wa joto na mate mengi. Mtoto mwoga asilazimishwe. Akae mabegani mwa baba yake aone wenzake wakilisha, na mara nyingi zamu ya tatu au ya nne mkono wake huinuka wenyewe. Mwulize ana mifupa mingapi shingoni. Hajui. Wala wewe pengine hujui. Ni saba, na twiga naye ana saba. Yake ni mirefu tu.

Kobe wakubwa ni wa kizazi cha Aldabra, visiwa vya mbali vya Ushelisheli. Dume lililokomaa huweza kufikia kilo 250. Ndugu zao wanajulikana sana na waliowahi kutembelea Zanzibar, kwani mwaka 1919 gavana wa Ushelisheli alipeleka kobe wanne zawadi, na kizazi chao kiko kisiwani Changuu mpaka leo. Watoto hupenda kuwapanda mgongoni. Wakatazwe. Gamba la kobe ni sehemu ya mwili wake, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, na yeye anahisi akiguswa juu yake. Mtoto akiambiwa hivyo huacha bila kugombezwa, na mara nyingi huanza kumkwaruza kobe shingoni, jambo ambalo kobe hulipenda: hunyosha shingo, husimama juu ya miguu yake minne na kutulia.

Kwa kobe hawa ndipo unapoweza kusimulia habari ya Owen, na uisimulie ilivyokuwa. Desemba 2004 viboko walikuwa wameshuka mto Sabaki mpaka baharini, karibu na Malindi. Tarehe 26 wimbi la tsunami lililotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi likafika pwani yetu. Mtoto mmoja wa kiboko, wa kama mwaka mmoja, akabaki peke yake kwenye mwamba, amechoka. Wavuvi na wakazi wa Malindi wakahangaika kwa saa nyingi kwa nyavu na kamba mpaka wakamkamata, mnyama wa kilo karibu 270, anayeteleza na mwenye hofu. Alipewa jina la mmoja wa waliomkamata. Akaletwa Haller Park, na alipofunguliwa akamkimbilia kobe mmoja wa Aldabra, Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajificha nyuma yake. Mzee mwanzoni alisogea mbali. Owen akamfuata. Baada ya siku wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaingia majini pamoja. Picha zao zilizunguka dunia nzima.

Sehemu ambayo vitabu vya watoto huiharakisha ni ile ya baadaye. Kiboko hukua. Uzito wa Owen ungeweza kumuumiza Mzee hata katika mchezo, na kiboko anapaswa kuwa na kiboko mwenzake. Mwaka 2007 akaunganishwa na kiboko jike, Cleo. Wasimulieni watoto na hilo. Wanaelewa kuliko tunavyowadhania. Wengi wao wamewahi kuhama nyumba au kumpoteza rafiki wa darasani.

Na swali litakuja, kama si hapo basi mbele ya mamba: baba, kwa nini amefungwa? Usilikwepe. Mwambie wengi wa mwanzo waliletwa wakiwa yatima au wameumia, na mnyama aliyelelewa na watu mara nyingi hawezi tena kuishi mwituni. Mwambie pia kwamba ukuta ni ukuta, na kiboko wa mtoni usiku mmoja hutembea mbali akila nyasi kama kilo 40, jambo ambalo wa hapa halifanyi kwa namna ile ile. Mimi naamini mtoto aliyemwona kiboko kwa karibu akiwa na miaka saba atamtetea kiboko wa Sabaki akiwa na miaka thelathini, na kwa sababu hiyo nawapeleka wangu. Lakini sipendi mzazi anayemwambia mtoto kwamba wanyama wote hapa wana furaha. Hatujui. Tunachoweza kujua ni kama maji ni masafi, kama kuna kivuli, kama mnyama ana pa kujificha na macho yetu. Mfundishe mtoto kuyatafuta hayo matatu kila anapotazama boma, hapa na popote atakapokwenda.

Mamba atawachosha wanaotaka vitendo. Hulala kinywa wazi saa nzima, na watoto humtupia mawe wakidhani amekufa. Anapoza mwili. Elezeni hilo, kisha elezeni kwamba joto la kiota ndilo linaloamua mayai yatoke madume au majike, na kwamba mama mamba hubeba watoto wake kinywani, katikati ya meno yale yale, mpaka majini. Mtoto akishasikia hivyo hutazama kinywa kile kwa namna nyingine, na mawe hubaki chini.

Pofu, choroa, kuro na nyati wapo pia, na nyumba ya nyoka. Msijilazimishe. Nyumba ya nyoka ichagueni mapema kama familia, kwa kuwa anayeogopa nyoka anaogopa kweli, na si siku ya kumponya.

Kinachoniuma ni kwamba watoto wengi wa Utange, Kiembeni na Mshomoroni wanaijua milio ya malori ya simiti kuliko sauti ya twiga akitafuna. Wanapita mbele ya lango kila siku wakienda shule. Kiingilio cha familia nzima si fedha ndogo kwa anayeishi kwa kibarua, na shule zinazopeleka watoto mara nyingi ni zile ambazo wazazi wa wanafunzi wangeweza kuwapeleka wenyewe. Kama una gari lenye nafasi na watoto wawili wa jirani wanaocheza na wako, wachukue. Zungumza na wazazi wao mapema, juma moja kabla, ili mama yao apate nafasi ya kuwaandaa na asijione anafadhiliwa ghafla mlangoni. Hiyo ndiyo sehemu ya mpango ninayoipa uzito kuliko mahamri na viatu.

Wasomaji walio mbali na Mombasa wana pa kwenda pia. Mwanza wana kisiwa cha Saanane, kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na tangu 2013 kikawa hifadhi ya taifa, safari fupi ya boti kutoka mjini. Entebbe kuna kituo kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, kando ya ziwa Victoria. Kila kimoja kina historia yake ya kutangulizwa kabla ya simba.

Kwa familia ya Mombasa yenye watoto wakubwa na usafiri wake, siku inaweza kumalizikia Nguuni, hifadhi nyingine iliyoanzishwa na kampuni hiyo hiyo ya saruji, ndani zaidi upande wa bara, kilomita chache kutoka barabara kuu. Huko ni mashamba na nyasi, mikoma imesimama wazi, na twiga, pofu na mbuni hutembea bila jukwaa la kulishia. Si mahali pa kujitokea tu. Pigeni simu mapema kuomba nafasi na kuulizia hali ya njia, hasa baada ya mvua. Fikeni saa kumi na moja kasoro, mbaki karibu na watunza wanyama, na watoto wasiwe mbele peke yao, kwa maana twiga asiye na ua hupiga teke. Mtandike leso, mle machungwa yaliyobaki. Muwe mmeshafika barabara kuu kabla ya saa moja, kwa sababu njia ya kutoka haina taa.